Taarifa ya Robo ya Tatu

Kanuni inasema ibandikwe mahali pa wazi
kwa siku thelathini, kwa lugha anayoielewa mpangaji.
Haisemi lolote juu ya mvua.
Basi niliifunika kwa mfuko wa sukari nilioupasua,
nikaikaza kwa pini nne
ubaoni, kando ya lango la Jengo D,
nyuma ya Barabara ya Jogoo, pale vumbi la saruji
bado limekaa juu ya majani ya mpapai
kama unga kwenye nyusi za msagaji.

Kurasa sita. Nilizipiga chapa mwenyewe.
Nyumba zilizojengwa: mia tatu na kumi na mbili.
Zilizokaliwa: mia tatu na tisa.
Lifti: inafanya kazi.
(Lifti, tangu Machi, ni stoo ya baiskeli.)
Safu zimenyooka, zimejumlishwa, zimepigwa mhuri,
na mimi, kibarua wa mkataba wa miezi mitatu,
sikuulizwa kama naamini nilichokijumlisha.

Wengi walipita tu. Taarifa haina picha.
Mtoto mmoja alisoma kwa sauti neno "ruzuku",
akamuuliza mamaye kama ni jina la mtu.
"Ndiyo," mama akajibu, "na kwetu hajawahi kuja."

Siku ya kumi na moja akaja Perpetua Nafuna.
Miaka ishirini na saba alifua shuka
katika hospitali ya uzazi, Pumwani;
dawa ya kufulia ilishamla alama za vidole.
Alisoma kwa ukucha, mstari kwa mstari,
kama achambuaye mchele wa mgeni.
Ukurasa wa nne ukucha ukasimama.
Akavua miwani, akaifuta kwa leso, akairudisha.

"Kijana. D, orofa ya nne, mlango wa kumi na moja.
Jina ni langu. Kitambulisho ni changu
hadi tarakimu ya mwisho.
Hapa wameandika niliingia Mei."
Nikaanza kusema, ikiwa imeandikwa...
"Mei," akasema, "nilikuwa Mukuru
nagombania godoro na mafuriko."

Hakupiga kelele. Nilitamani angepiga.
Aliomba tu aonyeshwe ngazi.

Vidato sabini na viwili; akapumzika mara tatu,
kila mara akiuliza bei: ya taili, ya kioo,
ya kile chuma cha kushikilia,
kama mwenye nyumba anayekagua kazi ya mafundi.
Mlangoni palikuwa na viatu vya mpira vya mtoto,
jozi ya ngozi iliyong'arishwa,
na harufu ya kitunguu kikaangwacho.
Akapiga hodi ya mtu anayerudi kwake,
ile isiyongoja karibu.
Redio ikanyamaza. Kitunguu kikanyamaza.
Jicho likaja tunduni, likakaa, likaondoka.

Tukateremka. Hakuuliza bei ya kitu.

Ukurasa wa sita, chini kabisa,
kuna nafasi ya Maoni ya Umma: mistari mitatu ya nukta
ambayo sijaona ikijazwa.
Akaomba kalamu. Akaandika kwa herufi kubwa,
zile za watu waliofundishwa na masista:

NIMEFIKA NYUMBANI KWANGU. NIMEBISHA.
SIKUJIKUTA.
NIKIONEKANA, NAOMBA NIJULISHWE.

Chini yake, namba ya simu.
Kalamu akanirudishia na kifuniko chake.

Sasa natayarisha ya robo ya nne.
Mkuu wangu amesema nichukue ya zamani
nibadilishe tarehe, tusisumbuane.
Lakini kanuni hiyohiyo inasema maoni yaambatishwe
kama yalivyo, bila kusahihishwa,
nami ni mtu wa kanuni, angalau hadi Ijumaa,
mkataba unapoisha.
Nimeuchomoa ule ukurasa. Wino umechuruzika
kwenye "nimebisha", mengine yanasomeka.
Nimeuandika juu: Kiambatisho A.
Hakuna B.

Mvua za vuli hazijaondoka.
Nimepata mfuko mwingine wa sukari.